Kompyuta Zilizogeuka Mabati

Jumamosi jioni, Julai 2006. Waithaka.

Baridi. Jua halijaonekana tangu Jumatano na manyunyu hayajakata leo tangu asubuhi. Vidole vyangu vina vumbi jeusi ambalo sabuni imeshindwa kulitoa, mgongo unaniuma, na nimekasirika. Nimewaambia watu wa hapa nyumbani kwamba nina kazi ya ofisi, nikajifungia chumbani. Si kazi ya ofisi. Nataka kuandika kabla hasira haijapoa, kwa sababu najijua: ikipoa nitaanza kuwa na adabu.

Wanaosoma blogu hii siku zote wanajua habari ya zile kompyuta. Kwa asiyejua, mimi ni fundi wa kompyuta katika ofisi moja pale Hurlingham, mtaa wa wenye pesa. Mwaka jana tuliletewa meneja mpya. Alizunguka ofisi nzima, akasema mashine zetu nyeupe zinatufanya tuonekane watu wa zamani, akaagiza nyeusi. Hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa na rangi mbaya tu. Nikamwomba anipe zile nyeupe badala ya kuzirundika stoo, naye akakubali haraka, kama mtu aliyeombwa takataka. Nikazipeleka shule ya msingi iliyo karibu na kwa shosho wangu, mama yake mama, kule Kinangop. Shule ilikuwa ndiyo kwanza imepata stima, umeme wa chumba kimoja tu.

Kila nilipopata Jumamosi ya bure, nilienda. Nilimfundisha Mwalimu Njoki, msichana mdogo kuliko mimi anayefundisha darasa la saba, naye akawafundisha watoto. Mwanzoni mtoto alikuwa akidonoadonoa kibodi kama kuku anayetafuta punje. Muhula wa pili walikuwa wanaandika insha nzima, wanazihifadhi, wanazifungua tena na kusahihisha. Mtoto wa Kinangop anafuta neno bila kutoboa karatasi kwa raba! Nilikuwa narudi Nairobi Jumamosi jioni nikiwa nimechoka na nikicheka peke yangu.

Leo nimeambiwa zimeuzwa.

Zote.

Alhamisi mwenyekiti wa kamati ya shule, Bwana Ndung'u, alinipigia simu akasema anakuja Nairobi na Mwalimu Njoki na wangependa tukutane Kenyatta Market, tule nyama. Atanunua yeye. Ningepaswa kushtuka hapo hapo. Bwana Ndung'u ni mkulima wa viazi, mtu mzuri, lakini katika muda wote ambao nimemjua, mimi ndiye ninayenunua soda.

Nilifika nikawakuta tayari wameketi ndani kabisa, mbali na mlango. Kina dada wa saluni walikuwa wamenivuta mikono njia nzima, "Siste, kuja tukusuke," na nikapita nikitabasamu kwa sababu nilikuwa bado mtu mwenye furaha. Mbavu zilikuwa zimekatwakatwa juu ya ubao, kachumbari pembeni, ugali unatoa mvuke. Bwana Ndung'u alisimama, akanisalimu kwa mikono yote miwili. Mwalimu Njoki alinisalimu bila kuniangalia.

"Nyambura, wewe ni mtoto wetu," mwenyekiti alianza. "Hakuna mtu amesaidia hiyo shule kama wewe. Hakuna."

Nikasema asante. Akanisogezea vipande vizuri vizuri. Akauliza habari ya mama, habari ya kazi, habari ya baridi ya Nairobi. Kisha akaanza kuzungumza juu ya upepo.

Habari ya upepo nilikuwa nimeisikia. Shosho aliniambia kwa simu kwamba uling'oa paa la darasa la kwanza na la pili, mabati mengine yakapatikana shamba la jirani yakiwa yamekunjika, yasiyofaa hata banda la kuku.

"Si mlikuwa mnafanya harambee?" nikamuuliza.

"Tulifanya. Haikutosha hata mbao."

"Na ofisi ya elimu?"

"Walisema tungoje." Alipangusa mikono polepole. "Tangu masomo iwe ya bure, watoto ni wengi na shule zote zinangoja. Na sisi tukangoja. Hao wadogo wamekuwa wakisomea nje, Nyambura. Na hii baridi. Mmoja akalazwa na homa ya mapafu."

Mwalimu Njoki hakuwa amegusa nyama. Ndipo nikajua kuna jambo.

"Mmefanya nini?" nikauliza.

"Tumeuza kompyuta."

Niliuliza ngapi. Nilijua jibu lakini niliuliza. Akaniambia. Nikamuuliza kwa nini hakuna hata mtu mmoja aliyenipigia simu, ilhali namba yangu anayo, na Alhamisi aliipata bila shida.

"Tulijua utakataa."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo hatukupiga."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini aliingiza mbuzi zizini mawingu yalipojikusanya. Akaendelea kunieleza kwamba uliitwa mkutano wa wazazi na wenyeji wote, hawakufanya kwa kujificha, watu wakainua mikono. "Hata shosho yako aliinua," akasema. Nadhani alifikiri hilo litanituliza.

Nakiri hapa, kwa vile sikukiri pale: nilitaka kupindua ule ubao wa nyama. Niliona kabisa mbavu zikiruka. Badala yake nilisema jambo la kitoto. Nilimkumbusha kwamba siku kompyuta zilipofika alivua kofia akacheza mbele ya watoto.

"Nilicheza," akasema. "Na ukileta zingine nitacheza tena. Lakini mtoto akinyeshewa, kompyuta haiwezi kumfunika."

Maneno hayo yalinikasirisha kuliko kuuzwa kwenyewe. Ningempata mwizi ningejua la kufanya. Mwizi unampigia kelele. Huyu nilikuwa nimekaa naye meza moja, ana matope ya shule kwenye viatu, na mabati aliyonunua yako juu ya vichwa vya watoto, si juu ya nyumba yake.

Nikamuuliza wameuza wapi. Akanitajia duka mjini, upande wa chini, karibu na barabara ya Luthuli. Nikasimama. Nilitarajia kwenda peke yangu, lakini Mwalimu Njoki naye akasimama, akachukua mkoba wake.

"Twende," akasema. Ndilo neno la kwanza nililolisikia kutoka kwake tangu salamu.

Mwenyekiti akasema atatungoja steji ya magari ya Kinangop, anataka kununua misumari kwanza. Tukamwacha na nyama yake.

Njiani Njoki ndipo alipozungumza, na alipoanza hakunyamaza. Aliniambia kwamba kwenye ule mkutano alisimama peke yake kupinga. Aliwaambia wazazi kuwa watoto wa darasa la nane wakienda sekondari watawakuta wenzao wa mjini wameshazoea kompyuta, na wetu watakaa nyuma wakiogopa hata kuuliza. Aliwaambia kwamba yeye mwenyewe chuo cha ualimu walifundishwa kompyuta kwa ubao. Mkufunzi aliwachorea kibodi kwa chaki, wakainakili, wakafanya mtihani, wakapita, na hakuna aliyekuwa ameigusa. Aliigusa mara ya kwanza siku nilipoleta zile nyeupe.

"Wakasemaje?" nikamuuliza.

"Mama mmoja akaniambia nikae chini. Akasema sina mtoto, sijui mtoto mgonjwa ni nini."

"Ukakaa?"

"Nilikaa." Akavuka barabara kwanza, akaningoja upande wa pili. "Huyo mama ndiye mtoto wake alilazwa. Ningemwambia nini?"

Duka lenyewe ni jembamba, limebanwa kati ya muuza redio na muuza mabegi. Mwenyewe ni mzee wa Kiswahili kutoka Mombasa, kofia nyeupe, miwani puani. Anaitwa Mzee Athman. Nilimjua kwa sura tu, maana mafundi wote wa mjini tunazungukia kule. Niliingia bila salamu, jambo ambalo mama angenipiga kofi kwa ajili yake, kwa sababu nilikuwa nimeshaziona. Zilikuwa kwenye rafu nyuma yake, zimebaki nne. Nyingine alikuwa ameziuza kwa mwenye saiba, duka la intaneti.

"Hizo ni zangu," nikasema.

Mzee Athman alinitazama juu ya miwani. "Waalaikumsalaam," akasema, ingawa sikuwa nimemsalimu. "Keti kwanza, mwanangu. Zako kivipi?"

Nikamweleza, na nilieleza vibaya, kwa sauti ya juu, nikichanganya meneja na upepo na shosho. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yeye hakuiba kitu. Wamemjia watu wazima na heshima zao, wamemuuzia kwa hiari yao, amewalipa, wakapeana mikono. "Sasa wataka nikupe hivi hivi? Nami nile nini?"

Kweli. Naye pia alikuwa na haki. Leo kila mtu ana haki, nimechoka nao.

Nikamwomba angalau niwashe moja. Sijui nilitaka nini. Labda kuhakikisha bado inafanya kazi, kama mtu anayeenda kuona ng'ombe aliyeuzwa. Ikawaka. Hakuwa amesafisha chochote ndani. Lile folda la darasa la saba lilikuwa pale pale nilipoliweka, na majina ya watoto ndani yake, mengine kwa herufi kubwa, mengine yamerudiwa mara mbili kwa sababu mtoto alisahau amehifadhi wapi.

Njoki alifungua insha ya Wangeci. Ni msichana ambaye darasani hafungui mdomo; siku zote Njoki alikuwa akinilalamikia kwamba hajui sauti yake ikoje. Insha inahusu mbuzi wao aliyekula soksi ya baba asubuhi ya kanisa, na baba akaenda na soksi moja, na wakati wa maombi kila mtu alifumba macho isipokuwa wale waliokuwa wakitazama mguu wake. Tulicheka, mimi na Njoki na Mzee Athman aliyekuwa anasoma nyuma yetu. Halafu Njoki akalia. Si sana. Aliinamisha kichwa, akajipangusa na mkono wa sweta.

"Hii aliandika juma la mwisho," akasema. "Alikuwa ameniahidi ataandika ingine."

Mzee Athman akatoa CD mpya, akasema tunakili kila kitu kabla hajafuta, hilo hadai chochote. Nikamshukuru. Lakini CD ni ya nini kwa shule isiyo na kompyuta? Ataitundika Wangeci shingoni?

Ndipo nikaona lile rundo. Kule nyuma ya pazia kulikuwa na mashine zilizokufa, zimepandana mpaka dirishani. Nikamuuliza za nini. Akasema ni za kuuza kama vyuma, fundi wake amerudi kwao na hakuna wa kuzishughulikia.

"Nikikufufulia, utanipa moja?" nikamuuliza. "Moja ya hizi nyeupe."

"Ukifufua mbili, chukua moja."

Nikavua koti. Nawaambia ukweli, wasomaji wangu, sijawahi kufanya kazi kwa hasira namna ile. Kila parafujo niliyoifungua ilikuwa ya mtu fulani. Ya meneja na rangi zake. Ya yule wa ofisi ya elimu anayesema "ngojeni" akiwa amekaa chini ya paa lisilovuja. Ya yule mama aliyemwambia Njoki akae chini, ingawa ya huyo niliifunga tena taratibu. Njoki alishika tochi na kunipa bisibisi. Nilihamisha memori kutoka mashine hii, feni kutoka ile, nikapuliza vumbi la miaka. Ya kwanza iliwaka upesi. Ya pili ilinisumbua mpaka adhana ya alasiri. Mzee Athman akatuachia duka akaenda kuswali, aliporudi akakuta skrini inawaka. Akapiga makofi mara moja, akaniteremshia nyeupe ile ile yenye insha, na skrini yake, na kibodi, akazifunga kwa kamba ya katani.

"Fundi wangu akichelewa kurudi, njoo Jumamosi," akasema. "Kazi kwa kazi." Nikamwambia nitafikiria.

Barabarani nilimwambia Njoki mpango wangu. Kompyuta hii haiendi shuleni. Itakaa kwake, kwenye nyumba ya mwalimu, nitavuta waya wa stima kutoka shuleni, na kamati isiiguse wala isiione. Nilifikiri atafurahi.

"Hapana," akasema. "Ikikaa kwangu itakuwa yangu. Watoto watakuja kama wageni, wabishe hodi. Na wale mama zao hawataniamini tena."

"Wataiuza, Njoki!"

"Labda wataiuza."

Tukafika steji tumebishana mpaka tumenyamaza. Bwana Ndung'u alikuwa pale, mfuko wa misumari miguuni. Alipoona tulichobeba alifungua mdomo akaufunga. Nikamwambia, kwa heshima yote niliyobaki nayo, kwamba nataka aniahidi mbele ya Mwalimu kwamba hii haitauzwa.

Aliutazama mfuko wa misumari. Makanga alikuwa anaita abiria, watu wanatupita na magunia.

"Siwezi," akasema.

"Mzee, ni neno moja tu."

"Ni neno moja, lakini upepo nao ukirudi? Nikikuahidi leo halafu niuze, nitakuwa nimekutusi. Heri nisikuahidi." Akainua skrini yeye mwenyewe, akaingia nayo ndani ya gari, akaipakata magotini kama mtoto, akakataa iwekwe juu na mizigo. Njoki akanipungia mkono dirishani. Gari likaondoka.

Mimi nikabaki pale na mikono yangu michafu, nisijue kama nimeshinda au nimeshindwa.

Nilipofika nyumbani kitu cha kwanza nilimpigia shosho. Kwa Kikuyu chetu nilimuuliza, bila kuzunguka, kama ni kweli aliinua mkono.

"Niliinua," akasema. "Kwani unanipigia kunigombeza?"

"Shosho, zile kompyuta nilizihangaikia. Unajua nilivyozihangaikia."

"Najua." Nilimsikia akisogeza sufuria. "Na juzi kulinyesha mvua kubwa, Nyambura. Mvua yenyewe ya mawe. Nikatoka mlangoni nikasikiza upande wa shule. Ilikuwa inapiga mabati, na wale wadogo ndani wanapiga kelele kushindana nayo. Mwalimu amewashindwa kabisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini."

Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, akajua nadanganya, akaniambia nivae soksi.

Basi. Watoto hawakulowa, na nimefurahi, na bado nina hasira. Nilidhani nikiandika moja itaifukuza nyingine, lakini zote mbili bado ziko hapa.

Jambo ninalolijua ni hili. Sina hasira na Bwana Ndung'u tena, au ninayo kidogo tu. Wala na shosho. Hasira yangu imebaki kwa yeyote aliyepanga mambo hivi, kwamba pale barabara ya Argwings Kodhek, ofisini kwetu, mtu anatupa mashine nzima kwa sababu ya rangi, na kule juu Kinangop wazee wanainua mikono kuchagua kati ya paa na kibodi. Kwa nini wachague? Ni nani aliyewahi kumwambia mtoto wa Hurlingham achague?

Jumatatu nitaingia kwa meneja. Nimesikia kuna mashine nyingine za tawi la pili zinabadilishwa. Safari hii nitaomba na mabati. Acha anicheke.

Na Jumamosi ijayo nitapanda Kinangop. Ikiwa mashine itakuwa bado iko, tutakuwa na darasa zima la saba na zima la nane, na kompyuta moja. Watasimama foleni mpaka nje, nawajua. Wangeci atasimama mwisho, asiseme kitu.

Nimwite yeye kwanza, au niwaache wagombane?